Sumu Ikihama Chombo, Jina Lake Lihame Nayo

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet)

Tunajua majani chai hayangoji mkutano, na ng'ombe wanataka kukamuliwa saa ile ile. Kwa hiyo tutasema jambo moja tu, na tutalisema wazi.

Jambo lenyewe ni kuhamisha kemikali kutoka chombo kimoja hadi chombo kingine. Kutoka pipa hadi dumu, kutoka dumu hadi chupa, kutoka chupa hadi pampu ya mgongoni. Kazi hii inaonekana ndogo. Huchukua dakika chache, na mara nyingi anaachiwa kijana yeyote aliye karibu. Lakini ukiuliza ajali nyingi za kemikali zilitokea lini, utaambiwa ni katika dakika hizo chache.

Pengine mtu anasema moyoni, "Mimi ni mkulima mdogo. Kemikali ni mambo ya viwanda." Hebu tuhesabu pamoja. Ni kweli kwamba chai yetu kwa kawaida haipigwi dawa za wadudu, na hiyo ni sifa ya chai ya Kenya. Lakini dawa ya magugu iko. Dawa ya kupe iko, kwenye josho na nyumbani. Wanaolima kabeji, viazi na nyanya upande wa Bomet wana dawa za wadudu na za ukungu. Petroli iko, ya bodaboda, ya msumeno wa injini na ya mashine za kuchumia chai. Mafuta ya taa yapo. Asidi ya betri ipo. Vikundi vyenye mtambo wa kupoza maziwa vinasafisha matangi kwa kostiki soda na asidi. Vikundi vya maji vina klorini, na vingine vina alamu, ile dawa ya kutuliza tope ambayo pwani huitwa shabu. Sasa niambieni, ni nyumba gani hapa haina hata kimoja kati ya hivi?

KWA NINI KUHAMISHA NI HATARI

Kemikali ikiwa ndani ya chombo chake, imefungwa na imewekwa mahali pake, imelala. Unapoihamisha unaiamsha kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: unaifungua. Mvuke unatoka, matone yanaruka. Tena ikumbukwe kwamba dawa iliyo chupani bado ni kali, haijatiwa maji. Anayepima dawa kali kwa mikono mitupu anaweza kuumia kuliko yule anayeinyunyiza shambani ikiwa imechanganywa.

Njia ya pili: unaikutanisha na kitu kingine. Chombo kipya huenda kina mabaki ya kitu usichokijua. Vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kinatunzika, vikikutana vinaweza kutoa moshi wa kuua.

Njia ya tatu, na hii ndiyo tunayotaka mwende nayo nyumbani: inapoteza jina lake. Chupa ya dukani ina kibandiko. Kibandiko kinasema hii ni nini, inatumiwaje, na mtu akiimeza afanyiwe nini. Ukimimina kwenye chupa tupu, maneno yale yote yanabaki nyuma. Wewe unajua ni nini leo. Mtoto wako hajui, mgeni hajui, na baada ya miezi sita hata wewe utanusa na kubahatisha.

MAMBO YALIYOTOKEA KWINGINE

Msidhani tatizo la jina ni la watu wasiosoma. Tuwaeleze mambo mawili yaliyotokea katika nchi zenye viwanda vikubwa na wataalamu wengi.

La kwanza lilitokea Uingereza, karibu na mji mdogo wa Camelford, tarehe 6 Julai 1988. Dereva wa lori alileta tani 20 za alamu ya maji kwenye mtambo wa kusafishia maji. Hakuwa dereva wa kawaida wa njia ile, alishika zamu ya mwenzake. Alipofika hakukuta mtu. Alikuwa na ufunguo, na ufunguo ule ulifungua zaidi ya mlango mmoja. Basi akafungua tangi alilodhani ndilo, akamimina mzigo wote. Lakini wapi! Lile lilikuwa tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa, yanayokwenda moja kwa moja kwenye mabomba ya watu. Wakazi wapatao 20,000 walipata maji yale. Watu walitapika, wakatokwa na vipele na vidonda mdomoni. Na zilipita zaidi ya wiki mbili kabla ya wananchi kutangaziwa waziwazi kilichotokea.

La pili lilitokea Marekani, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, tarehe 21 Oktoba 2016. Lori lilileta asidi ya salfa kiwandani. Mabomba ya kupokelea kemikali yalikuwa yamekaa karibu karibu na yanafanana, na bomba la asidi lilikuwa kama nusu mita tu kutoka bomba la dawa ya klorini. Halikuwa na kibandiko cha kulitambulisha vizuri, na bomba la klorini halikuwa limefungwa kwa kufuli. Mpira ukaunganishwa kwenye bomba lisilo lake. Asidi zaidi ya lita 15,000 ikaingia kwenye tangi la klorini. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na wingu la gesi likapanda juu ya mji. Maelfu ya watu waliambiwa wajifungie ndani au wahame, na zaidi ya watu 140 walitafuta matibabu.

Sasa angalieni. Katika mambo haya mawili hakuna mashine iliyovunjika. Hakuna tangi lililopasuka. Kilichokosekana ni vitu vya bei nafuu sana: jina lililoandikwa wazi, kufuli, na mtu anayejua kazi kusimama pale wakati wa kumimina. Vitu hivyo kikundi chochote hapa kinaweza kuvipata.

MOTO WA SACHANG'WAN

Hapa kwetu tuna yetu. Kila mtu wa Kericho anayekwenda Nakuru anapita Sachang'wan, baada ya kuingia barabara kuu pale Mau Summit na kabla ya kushuka Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka mahali pale. Watu walikuja na ndoo, madebe na mitungi kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wengi wakaungua vibaya. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la mafuta na kuingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu wakachota. Moto ukaja tena. Na tarehe 10 Agosti 2019, majirani zetu wa Morogoro, Tanzania, waliomboleza watu zaidi ya 100 kwa jambo lile lile, lori lililoanguka na watu wakachota.

Hatuyasemi haya kuwahukumu marehemu. Umaskini unajulikana, na mafuta yanayotiririka bure yanavuta jicho. Tunayasema kwa sababu wengi hawajui petroli inaua vipi. Petroli yenyewe haihitaji kuguswa na moto. Ni mvuke wake unaoshika. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauonekani, unatambaa chini kama ukungu wa asubuhi bondeni, unaingia mitaroni na mashimoni. Jiko lililo mbali, sigara, injini ya pikipiki, hata cheche ndogo ya umeme itokanayo na msuguano, yoyote kati ya hivyo inatosha. Mvuke ukishika, moto unakimbia kurudi ulikotoka, na mchotaji yuko katikati.

Kwa hiyo somo la Sachang'wan linamhusu pia yule anayemimina petroli kutoka mtungi hadi chupa nyuma ya duka, karibu na meko ya chapati. Kiasi ni kidogo, lakini mvuke ni ule ule.

VIKUNDI VYETU NA DUMU LA KUGAWANA

Sasa tuje nyumbani kabisa. Vikundi vingi vimejifunza kununua kwa pamoja, na hilo ni jambo zuri, tumelihimiza sana. Mbolea mnanunua pamoja, mbegu mnanunua pamoja. Lakini dawa ya magugu si mbolea.

Tuseme kikundi kina wanachama kumi. Wananunua dumu moja la lita 20 kwa sababu bei kwa lita ni nafuu. Wanakusanyika kwa mweka hazina, kila mtu amekuja na chupa yake: ya soda, ya maji, ya mafuta ya kupikia. Wanagawana lita mbili mbili. Wamefanya haki, hakuna aliyepunjwa, kila mtu anaenda zake akifurahi. Hebu tuulize: kibandiko kimeenda na nani? Kimebaki na dumu. Kikundi kimeokoa shilingi kadhaa, na kimepeleka sumu isiyo na jina katika nyumba kumi. Katika nyumba hizo kuna watoto wangapi waliozoea kwamba chupa ya soda ina soda?

Kuna dawa ya magugu iitwayo parakwati. Ikiwa kali, rangi yake ya asili ni ya giza, mtu anaweza kudhani ni kola au kahawa. Watu wengi duniani walikufa kwa kuinywa kutoka chupa za vinywaji, mpaka watengenezaji wakalazimika kuitia rangi ya buluu, harufu mbaya na dawa ya kutapisha. Mkupuo mmoja tu unaweza kuua, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Umaarufu wake mbaya ulianzia hapo hapo tunapozungumza, yaani kwenye chupa isiyo yake.

Sisi wa huku tunaelewa habari ya chombo na jina. Hakuna mama wa Kipsigis atakayekubali kibuyu cha mursik kitiwe mafuta ya taa hata siku moja, hata kama kimekaa bure. Kibuyu kina kazi yake. Desturi hiyo hiyo tuipeleke kwenye sumu: chombo cha chakula kisiwe cha sumu, na chombo cha sumu kisirudi jikoni, hata ukikiosha mara mia.

Basi kikundi kifanyeje? Kuna njia tatu, tumezipanga kuanzia iliyo bora.

Kwanza, nunueni kwa pamoja lakini katika chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, kila mwanachama na chupa yake yenye kibandiko. Mkinunua nyingi mara moja, mwenye duka atazungumza nanyi juu ya bei. Na yule anayefungua chupa kubwa dukani na kuwapimia kwa kifuniko, msikubali. Dawa inatakiwa kuuzwa ndani ya chombo chake chenye kibandiko kilichoidhinishwa, chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346.

Pili, kama ni lazima dumu kubwa, lisigawanywe. Likae mahali pamoja, chini ya kufuli, na kikundi kichague watu wawili watakaofundishwa kupima na kupiga dawa. Shamba la kila mwanachama lipigwe kwa zamu. Kinachosafiri ni pampu iliyokwisha kuchanganywa, na ikirudi ni tupu na imeoshwa.

Tatu, kama hakuna njia nyingine kabisa, hamisha kwenye chombo kigumu, kipya au kilichokuwa cha dawa ile ile, chenye kifuniko kinachokaza. Andika juu yake kwa wino usiofutika: jina la dawa, neno SUMU, tarehe, na namna ya kuitumia. Chora na fuvu la kichwa kwa ajili ya asiyesoma. Andika kabla ya kumimina. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika.

SHERIA KUMI ZA MMIMINAJI

Hizi mzinakili na mzibandike ukutani kwenye stoo ya kikundi.

1. Soma kibandiko kwanza. Kama hujui kusoma, mwite anayejua. Tazama utepe wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Lakini hata ya kijani si maji ya kunywa.

2. Vaa kabla ya kufungua. Glavu za mpira, gambuti, nguo za mikono mirefu na miwani ya kuzuia matone. Mguu wa suruali uwe juu ya gambuti, usiuchomeke ndani, maana dawa itateremka na kujaa humo.

3. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Usifanyie jikoni, wala kando ya kisima au mto.

4. Watoto na wanyama wakae mbali. Usimtume mtoto kushika faneli.

5. Mimina ukiwa umeshusha chombo chini ya kiuno. Usikiinue kufikia usawa wa macho.

6. Usinyonye kwa mdomo. Vijana wa bodaboda, hili ni lenu. Mpira wa kunyonya petroli unapeleka mafuta mapafuni, na hata kiasi kidogo kikiingia mapafuni kinaleta ugonjwa mbaya wa kifua. Tumieni pampu ndogo ya mkono au faneli.

7. Petroli na mafuta ya taa yamiminwe mchana, mbali na moto, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Weka mtungi chini ardhini wakati wa kujaza, usijaze ukiwa juu ya kiti cha pikipiki. Acha nafasi juu, usijaze hadi mdomoni. Na tena usichanganye petroli na mafuta ya taa katika mtungi mmoja, maana taa itageuka bomu.

8. Asidi huingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye asidi, kwa sababu huchemka ghafla na kukurukia usoni. Hivyo hivyo kostiki soda na klorini ya unga: tanguliza maji, kisha tia unga kidogo kidogo.

9. Usichanganye bila kuambiwa na kibandiko. Asidi na klorini hazikai pamoja hata kwenye rafu moja. Wale wa maziwa, mkimaliza kuosha tangi kwa asidi, suuzeni kwa maji mengi kabla ya kutia dawa ya klorini. Na nyumbani msichanganye Jik na dawa kali ya choo.

10. Ukijaza pampu kwa mpira wa maji, mpira usizame ndani ya pampu. Maji yakikatika, bomba linaweza kuvuta dawa kuirudisha kwenye maji ya kijiji kizima. Tia maji nusu ya pampu, kisha dawa, kisha maliza kwa maji.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji ya kusuuzia yaingie kwenye pampu, yapigwe shambani. Kisha itoboe matobo ili mtu asiitumie tena.

MTU AKIPATWA

Ajali ikitokea, usitafute lawama. Fanya haya kwa haraka.

Imemwagikia ngozi? Vua nguo zote zilizolowa, osha kwa maji mengi na sabuni. Usingoje mpaka kazi iishe. Imeingia jichoni? Maji safi yatiririke juu ya jicho lililo wazi kwa dakika 15 au zaidi. Amevuta gesi? Mtoe nje kwenye hewa safi, lakini usiingie mahali penye gesi bila msaada, tusije tukazika wawili.

Amemeza? Hapa wengi wanakosea kwa nia njema. Usimlazimishe kutapika, hasa kama ni petroli, mafuta ya taa, asidi au kostiki soda. Vinavyounguza vitaunguza mara ya pili vikipanda, na mafuta yataingia mapafuni. Ati apewe maziwa, mayai mabichi, maji ya chumvi? Hapana. Hayo yanawapotezea muda, na muda ndio dawa.

Mpelekeni hospitali iliyo karibu, iwe Tenwek, Longisa, Kapkatet, Litein au Kericho. Na mchukue chombo chenye kibandiko, kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko. Mnaona tena umuhimu wa jina? Daktari akijua ni sumu ya aina gani, anajua aanzie wapi. Kwa dawa nyingine za wadudu, mgonjwa hutokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho hunywea zikawa kama ncha ya sindano, na kupumua kunakuwa kwa shida. Hizo zina dawa yake hospitalini. Lakini daktari akiambiwa "alikunywa kitu fulani kwenye chupa ya soda," ataanza kubahatisha kama sisi.

KWA WALE WANAOAJIRIWA

Wengi wenu mnafanya vibarua. Kijana anaitwa: njoo upige dawa, au njoo utusaidie kushusha mapipa. Anapewa pampu, hapewi glavu. Akiuliza, anaambiwa kuna wengine wanaotaka kazi.

Tuseme wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari ya kemikali anayoishika, amfundishe, na ampe vifaa vya kujikinga. Vifaa hivyo havikatwi kwenye mshahara. Vyombo vya kemikali kazini vinatakiwa kuwa na vibandiko. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazi, ya mwaka huo huo wa 2007, inampa haki ya fidia mfanyakazi anayeumia kazini. Kwa hiyo ukiumia, hata kidogo, toa taarifa siku ile ile, na hospitali waambie uliumia kazini na kwa kemikali gani. Asiyesema leo atakosa ushahidi kesho.

Tena tusinyoshe kidole kwa matajiri tu. Mwanachama wa kikundi anayemwita kijana wa jirani kumpigia dawa kwa mia chache ya shilingi, naye ni mwajiri siku hiyo. Kama huna glavu za kumpa, basi kazi hiyo haijawa tayari.

KIKUNDI KIANZE WAPI

Tunajua mtasema vifaa ni ghali. Ni kweli kila mtu hawezi kununua seti yake. Lakini kikundi kinaweza. Toeni kidogo kutoka mfuko wa chama, mnunue seti mbili za kujikinga, faneli mbili, kikombe cha kupimia, kufuli moja na kalamu ya wino usiofutika. Faneli ya petroli iwe na alama yake na ya dawa iwe na yake. Seti iwekwe kwa mtu mmoja anayeaminika, na anayeitumia airudishe ikiwa imeoshwa. Hesabu gharama hiyo, halafu hesabu gharama ya kitanda cha hospitali kwa wiki moja tu. Hatuhitaji kuwaambia ipi ni kubwa.

Halafu fanyeni msako wa amani. Kila mwanachama aende nyumbani, atazame chini ya kitanda, darini, nyuma ya mlango wa jikoni na kwenye banda la ng'ombe. Kila chupa yenye kitu kisicho na jina ataje. Kinachojulikana kiandikwe jina leo. Kisichojulikana kisinuswe wala kisimwagwe mtoni. Kifungwe vizuri, kiandikwe SUMU, kiwekwe mbali na watoto, na kikundi kimwendee afisa wa kilimo au wa afya awaelekeze.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kabla ya kwenda, kaeni kwa vikundi vyenu mjibu haya, katibu aandike:

1. Kikundi chetu kinahamisha kemikali zipi, na nani hufanya kazi hiyo?
2. Ufunguo wa stoo uko kwa nani? Akisafiri, nani anaushika, na je, amefundishwa?
3. Watoto wetu wanajua chupa gani hawaruhusiwi kugusa? Nani amewaambia?
4. Lori la mafuta likianguka barabarani kesho, tutawaambia nini vijana wetu, na nani atasimama mbele kuwazuia?
5. Mpaka mkutano ujao, tutanunua nini na kwa pesa gani?

Tutarudi baada ya msimu huu wa palizi kusikia majibu yenu. Hatutauliza mmejifunza nini. Tutaomba kuonyeshwa stoo, tuone vyombo, tusome majina. Kikundi ambacho kila chombo chake kina jina lake kitakuwa kimefanya kazi kubwa, hata kama hakuna atakayekipigia makofi.

Sasa katibu, gawa karatasi, tuanze na swali la kwanza.